Chanjo ya HPV California: kadi ya bima isitolewe kabla ya simu hii

Shangazi, usimpeleke Jumatatu. Umeandika kwamba binti wa kaka yako hapo Oakland, miaka 14, anataka chanjo ya HPV (kirusi cha zinaa kinachosababisha saratani ya shingo ya kizazi), baba yake kakataa, na mnataka kwenda na kadi ya bima ya baba kwa sababu mtu wa mapokezi kawaambia "sheria inamlinda, nyumbani hawatajua." Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayowaponza watoto, na sisi tunaoshughulika na bili za kliniki tunaliona hili mno.

Kweli ni kwamba tangu Januari 1, 2012, sheria ya AB 499 inamruhusu mtoto wa miaka 12 na zaidi kuridhia mwenyewe huduma za kuzuia magonjwa ya zinaa. HPV imo, na chanjo ya homa ya ini B imo. Sahihi ya baba haihitajiki.

Lakini kliniki ni kitu kimoja na bima ni kingine. Kliniki ikituma bili, bima huandika barua ya maelezo ya malipo: nani katibiwa, lini, wapi, kimelipwa kiasi gani. Tangu Julai 1, 2022, sheria nyingine ya California, AB 1184, inaitaka bima barua ya huduma nyeti kama hii imwendee mtoto mwenyewe, si mwenye kadi. Sasa imwendee wapi? Asipotoa anwani nyingine, inakwenda kwenye anwani waliyonayo, yaani nyumbani kwa baba, ila bahasha ina jina la binti. Baba gani wa kwetu ataona barua ya bima ya mtoto wa miaka 14 aiache bila kuifungua? Huyo wa mapokezi hajui bili inapita wapi, na anayeadhibiwa kwa kutojua kwake ni mtoto. Inaniudhi sana, maana kinga yake ni simu moja.

Binti mwenyewe apige namba iliyo nyuma ya kadi, aombe mawasiliano ya siri kwa huduma nyeti, atoe barua pepe yake au anwani yako. Hawaruhusiwi kudai idhini ya baba. Ombi la simu au la mtandaoni linatakiwa kutekelezwa ndani ya siku 7, la posta siku 14. Apige tena kuhakikisha limeingia, aandike tarehe na jina la aliyemjibu. Kabla ya hapo kadi isitoke mkobani.

Kwenye simu hiyo hiyo aulize kama bima ya baba iko chini ya sheria za California. Kuna waajiri wanaolipia matibabu ya wafanyakazi kutoka mfuko wao, kampuni ya bima ikishughulikia makaratasi tu, na kinga hii ya jimbo haiwabani. Kadi zinafanana kabisa. Akiambiwa ni ya aina hiyo, msiitumie. Ulizeni idara ya afya ya kaunti kuhusu chanjo bila bima hiyo. Na akaunti ya mtandaoni ya kliniki: kama baba anaingia humo, waambieni wamfungie baba sehemu yenye habari za huduma hii kabla ya sindano.

Siku yenyewe nesi anaweza kuandaa sindano tatu pamoja, kwa kuwa umri huo hupewa pia ya pepopunda na kifaduro na ya homa ya uti wa mgongo. Hizo mbili zinataka ridhaa ya mzazi. Muswada wa SB 866 wa 2022, uliotaka kuwapa vijana ridhaa ya chanjo zote, haukupita. Aseme HPV peke yake. Akishachomwa akae dakika 15, vijana huzimia.

Kusubiri wiki moja hakumharibii kitu mradi aanze kabla hajatimiza 15: dozi mbili, zikiachana miezi 6 hadi 12. Ya pili ikichomwa kabla ya miezi 5 atahitaji ya tatu, na akianza akiwa na 15 ni tatu moja kwa moja. Ombi la siri linabaki mpaka alifute au alibadilishe. Ila kaka yako akihama kazi katikati, bima mpya haina habari na ombi hilo, kwa hiyo simu ipigwe upya kabla ya dozi ya pili.