Barua kwa Mwanangu Rashidi: Goti Lako na Kipa wa Uskoti

Mwanangu Rashidi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa ndani ya daladala, makelele yakanizidi. Mara ya pili nilikuwa na mama yako. Mara ya tatu nilikaa barazani peke yangu baada ya Isha. Uliuliza hivi: "Baba, huyo kipa wako wa Uskoti unayemtaja kila siku, angekuwa na goti kama langu, ana miaka 29, na timu imeshamwacha, angeendelea au angetundika glovu?" Halafu ukanyamaza kidogo, ndipo ukanitakia usiku mwema. Kule kunyamaza kwako ndiko kulikonifanya nitafute kalamu.

Umesema "angekuwa". Rashidi, hilo halikuwa la kudhania, lilimpata kweli. Craig Gordon alizaliwa Edinburgh tarehe 31 Desemba 1982. Kiangazi cha 2012 klabu yake ya England, Sunderland, walimwacha mkataba ulipokwisha, goti bovu, hana timu. Hesabu mwenyewe: alikuwa na miaka 29. Huenda ndiyo sababu nimekuwa nikimtaja kila siku tangu uumie, na mwenyewe nilikuwa sijalitambua hilo mpaka uliponiuliza.

Nikurudishe nyuma kidogo, maana wewe unamjua zaidi wa uzeeni. Timu yake ya nyumbani ni Hearts, ambao uwanja wao, Tynecastle, umebanwa na nyumba za watu katika mtaa wa Gorgie. Aliingia kikosi cha kwanza mwaka 2002. Mwaka 2006 wakachukua Kombe la Uskoti kwa penalti mbele ya Gretna, na waandishi wa habari za michezo wakamchagua mchezaji bora wa mwaka. Kipa! Unajua mwenyewe zawadi hizo huwa za nani. Mwaka uliofuata Sunderland wakamnunua kwa dau lililotajwa kufika paundi milioni 9, na Uingereza nzima ilikuwa haijawahi kumlipia kipa fedha kama hizo. Septemba ile ile akasimama langoni Paris, Uskoti wakawafunga Ufaransa 1-0 kwa shuti la mbali la James McFadden. Mechi ile tuliitazama pamoja pale banda umiza. Wewe ulikuwa na miaka 11, umekaa kwenye mkeka mbele yangu, na kila Gordon alipodaka krosi ulikuwa unageuka kuniangalia usoni.

Sunderland hakukuwa kwepesi. Msimu wa kwanza tu walipigwa 7-1 na Everton. Mwaka 2009 aligongana na mshambuliaji Jermain Defoe, mkono ukavunjika, na baadaye ukavunjika tena. Lakini mwezi Desemba 2010 akafanya lile ambalo nimekuonyesha kwenye simu hadi ukachoka. Mpira uko ndani ya boksi, Zat Knight wa Bolton anaupiga akiwa hatua chache tu kutoka mstarini. Shuti la namna ile mtu hadaki kwa kufikiri, hakuna muda wa kufikiri. Tazama mwili: umeshaanza kushuka, miguu haiko tena mahali pa kumsaidia, na bado ule mkono unapanda peke yake, kiganja kiko wazi, kinaukuta mpira. Knight mwenyewe alishajua amefunga. Ligi Kuu ya England ilipotimiza miaka 20, mwaka 2012, uokoaji ule ukachaguliwa kuwa bora kuliko wote wa miaka hiyo 20.

Sasa rudi juu uangalie mwaka. Miezi ile ile dunia inampigia makofi kwa mkono wake, goti lake linamtoa kazini.

Kilichomuumiza ni kano, ule mshipa mgumu unaounganisha pia ya goti na mfupa wa muundi. Wewe kipa sina haja ya kukufundisha. Kila unaporuka, unaanzia pale. Kila unapotua, unatulia pale. Mshambuliaji mwenye goti bovu anaweza kujificha dakika kumi pembeni ya uwanja. Kipa ana mita 7.32 za kulinda na hana pa kujificha. Lako, kwa maelezo ya daktari, limeshashonwa na linataka muda. Lake hakuna aliyeweza kumwambia litapona lini, wala kama litapona.

Akakaa misimu miwili bila kucheza. Novemba 2012, unakumbuka usiku ule Victor Wanyama alipowafunga Barcelona kwa kichwa kule Glasgow? Afrika Mashariki yote tukawa mashabiki wa Celtic ya Uskoti, kwa ajili ya kijana mmoja wa Kenya. Kipa wa Celtic usiku ule alikuwa Fraser Forster, akazuia karibu kila kitu. Sisi tunaruka na kukumbatiana, na Gordon, kipa wa paundi milioni 9, hayumo hata kwenye kitabu cha usajili cha timu yoyote. Nami sikumkumbuka. Ndivyo dunia ya mpira ilivyo, na wewe umeanza kuionja: simu zinapungua, wenzako wanasafiri na timu, jina lako linafutwa taratibu.

Hapo ndipo nataka ukae nami kwa muda, kwa sababu jibu la swali lako liko ndani ya misimu hiyo miwili. Gordon alikwenda Dumbarton, klabu ndogo yenye uwanja wa jukwaa moja chini ya mwamba, akasaidia kufundisha. Akafanya kazi ya kuchambua mechi kwenye televisheni. Kipa aliyecheza mbele ya watu 40,000 akawa anawapigia wenzake mipira ya mazoezi. Hakuwa na ahadi ya mtu yeyote kwamba atarudi. Mwaka 2014 goti lilipoanza kumtii, akaomba mahali pa kujaribia mwili, Rangers wakamruhusu afanye mazoezi nao. Julai Celtic wakamsajili. Mwezi uliofuata Forster akauzwa Southampton, na lango likabaki wazi. Ile bahati ya Forster kuondoka hakuitengeneza yeye. Alichofanya ni kuwa karibu na lango siku ilipokuja. Mwisho wa msimu Celtic ni mabingwa, na waandishi wakamchagua tena mchezaji bora wa mwaka. Kutoka 2006 hadi 2015, na katikati kuna shimo la misimu miwili.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Unajua nilidakia timu ya mtaani hapa Tanga, na unajua niliacha nikiwa na miaka 31. Siku zote nimesema ni bega. Bega liliuma kweli, lakini siyo lililoniondoa. Nilifungwa bao la kizembe kwenye fainali, mpira wa kona ukanipita mikononi, na kiongozi mmoja wa timu akanisema mbele ya watu, na mama yako yumo. Nilivua glovu palepale. Na sikuacha kudaka tu. Niliukimbia uwanja. Kwa miaka miwili nilikuwa nazunguka njia ya mbali kwenda kazini ili nisipite karibu na lile goli. Vijana walikuja nyumbani kuniomba niwafundishe, nikawaambia sina nafasi. Nafasi nilikuwa nayo, Rashidi. Nilikuwa na aibu. Mwaka wa tatu bega likapona kabisa, na wakati huo hakuna tena aliyenikumbuka kwamba ni kipa, hata mimi mwenyewe.

Kwa hiyo nikimtazama Gordon na ile klabu ndogo ya Dumbarton, namwona mtu aliyepita njia ambayo mimi niliikwepa.

Habari zake za baadaye unazijua. Msimu wa 2016-17 Celtic walicheza mechi 38 za ligi bila kupoteza hata moja, yeye yuko langoni, ingawa msimu ulipoanza kocha alikuwa amemletea kipa mwingine na kumweka benchi. Baadaye Forster akarudi, Gordon akakaa benchi tena. Mwaka 2020 akarudi Hearts, waliokuwa wameshushwa daraja, akawapandisha. Mwaka 2022 waandishi wakampa ile zawadi kwa mara ya tatu, ana miaka 39.

Halafu mkesha wa Krismasi wa mwaka huo huo, kwenye uwanja wa Dundee United, akatoka kuufuata mpira na mshambuliaji Steven Fletcher naye anaufuata. Mguu ukavunjika, mifupa yote miwili chini ya goti. Wiki moja tu ilibaki atimize miaka 40. Siku ile nilimwambia mama yako, basi, huyu sasa amekwisha. Nilisema kwa uhakika wote. Akadaka tena Januari 2024. Kiangazi kile kocha wa Uskoti, Steve Clarke, akamwita kwenye kikosi cha awali cha Mataifa ya Ulaya, kisha akamkata majina yalipopunguzwa. Miaka 41, mguu umeunganishwa upya, na unaambiwa hutasafiri. Mimi hapo ningeshakimbia tena, nakuambia kweli.

Usiku ule wa tarehe 18 Novemba 2025 ulikuwa kitandani na barafu gotini, ndiyo maana hatukutazama pamoja. Mechi ilianza kwetu saa tano kasorobo usiku. Uskoti na Denmark, uwanja wa Hampden, mshindi anakwenda Kombe la Dunia. Kipa wa kwanza, Angus Gunn, ameumia, na langoni amesimama mtu wa miaka 42 ambaye msimu ule hakuwa amedakia klabu yake hata mechi moja. Siku tatu kabla walikuwa wamefungwa 3-2 na Ugiriki yeye akiwa langoni. Scott McTominay wa Uskoti akafunga kwa tikitaka dakika ya tatu. Denmark wakasawazisha kwa penalti, Uskoti wakaongoza, Denmark wakasawazisha tena. Gordon alifungwa mawili, sisemi aliokoa mechi peke yake. Dakika za nyongeza Kieran Tierney akapiga la tatu kutoka nje ya boksi, na Kenny McLean akamalizia la nne kutoka katikati ya uwanja. Mara ya mwisho Uskoti kwenda Kombe la Dunia ilikuwa 1998, kipa wao Jim Leighton ana miaka 39, na Gordon ni mvulana wa miaka 15 anayetazama. Nililia, na mama yako akaamka kuuliza nani amefariki.

Sasa jibu lako. Sikuambii lazima urudi kudaka. La goti atasema daktari, na ukisikia amesema basi, mimi sitakulazimisha kwa hadithi ya Mskoti. Tena kuna tofauti ambayo siwezi kuificha: Gordon alipokuwa nje alikuwa na akiba ya miaka ya Ligi Kuu, na wataalamu wa goti wa kila aina. Wewe una deni la kodi ya nyumba, na timu imekuacha bila hata kumalizia malipo ya miezi miwili. Kwa hiyo kazi ya dukani aliyokutajia mjomba wako ichukue. Hakuna aibu kusimama dukani mchana na kufanya mazoezi ya goti jioni. Ninachokuomba ni kimoja: usiuzungukie uwanja kama nilivyouzungukia mimi.

Pale uwanjani kwetu kuna vijana wanafanya mazoezi kila jioni baada ya Alasiri. Makipa wao ni wawili. Mmoja ana kimo kizuri lakini kila krosi anaisubiri mstarini, miguu imegandia chini, anaogopa kutoka. Nimejaribu kumwelekeza, ila bega siku hizi limerudi kuniuma, haliniruhusu kurusha mpira juu. Anahitaji mtu wa kukaa hata kwenye kiti na kumwambia "toka sasa", "bado", "sasa". Kwa kiti, goti lako halitaumia. Nimemwambia kwamba mwanangu anakuja, akaniuliza kama ni yule aliyedaka penalti mbili kule Morogoro. Nikamwambia ndiye.

Mama yako amezifua glovu zako, zile za kijani, akazianika kivulini zisikakamae. Ziko juu ya kabati chumbani kwako. Panda basi la asubuhi siku ya Jumatano, uchague kiti cha mbele ili uunyooshe mguu. Nitakuwa stendi ya Kange kuanzia saa saba.

Baba yako