Hesabu siku, siyo vidonge

Mmeuliza wiki hii: mtu anayeumwa kichwa karibu kila siku afanye nini, na wa nyumbani wamsaidieje? Nianze na kidonge, maana hapo ndipo wengi wanaponasa.

Kichwa kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, zaidi ya miezi 3 mfululizo, hayo ni maumivu sugu. Mara nyingi yalianza kama kipandauso cha mara 2 au 3 kwa mwezi, dawa ndiyo ikaongeza siku. Parasetamoli au ibuprofeni ikimezwa siku 15 kila mwezi, mwili huizoea; nguvu yake ikiisha, kichwa kinaamka tena, na mtu anameza tena. Vidonge vya mchanganyiko, vyenye parasetamoli, aspirini na kafeini pamoja, vinanasa upesi zaidi: siku 10 kwa mwezi zinatosha. Na muuzaji akikukatia viwili kwa mkasi, jina la dawa linabaki kwenye kipande cha dukani. Soma kabla mkasi haujapita.

Kinachohesabiwa ni siku. Vidonge 2 Jumatatu ni siku 1. Nusu kidonge kila asubuhi "kujikinga" ni siku 30. Kwenye kalenda ya ukutani, siku ya maumivu iwekee alama ya X, siku ya dawa izungushie duara jekundu. Baada ya wiki 4 hesabu maduara. Yakifika 10, ing'oe kalenda uende nayo kwa daktari.

Tiba yenyewe ni kuacha vidonge hivyo, na kuacha kunauma kweli. Siku 2 hadi 10 za mwanzo kichwa huzidi, tumbo huchafuka, usingizi hukatika, na wengi siku ya tatu wako dukani tena. Parasetamoli na jamii yake kwa kawaida huachwa kwa mkupuo. Zenye kodeini au tramadoli, dawa kali za maumivu, hupunguzwa taratibu, daktari akiangalia. Anaweza kukuanzishia dawa ya kinga: propranololi kama huna pumu, au amitriptilini, pengine miligramu 10 usiku. Hii ya pili inaudhi watu wakisoma kuwa ni dawa ya sonona: "Kumbe wananiona kichaa?" La hasha. Kwa kiasi hicho kidogo inatuliza njia za maumivu, na matokeo yake hupimwa baada ya wiki 8 hadi 12.

Hasira ile ina chanzo. Kichwa hakivimbi wala hakifungwi bandeji, kwa hiyo mgonjwa kila siku yuko kizimbani. Ndiyo maana anameza kabla ya harusi, kabla ya kikao, wakati hakijaanza hata kuuma: anatibu hofu ya kuitwa mvivu. Wa nyumbani, acheni "bado tu?" na "si umeze Panadol?" Punguzeni redio, fungeni pazia, mpikieni zamu yake bila kunung'unika.

Kalenda haisubiriwi kama kichwa kimelipuka ghafla kuliko kilivyowahi kuuma, kuna homa na shingo ngumu, upande mmoja wa mwili umelegea, au ni mjamzito aliyepita wiki 20. Hao hospitali, leo hii.

Na chai ya rangi? Usiikate ghafla wiki ileile unayoacha vidonge. Kafeini nayo ikikosekana huumiza kichwa, na hutajua unapigwa na nani. Punguza kikombe kimoja kimoja.