Ukihisi mtoto wa darasani kwako ana usonji: ushauri kwa walimu wenzangu wa awali

Kila Januari tunapokea watoto ambao hakuna mtu wa nje ya familia aliyewahi kushinda nao asubuhi nzima. Wengi hawakupita chekechea, na kliniki waliacha kwenda chanjo zilipokwisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na usonji (autism), yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na jinsi mtu anavyohusiana na wenzake. Kwa shule ya wanafunzi elfu moja, hao ni kama wanane. Mara nyingi wa kwanza kushtuka ni mwalimu, na ninachotaka kusema ni nini cha kufanya baada ya kushtuka.

Nawaomba msipakue dodoso la usonji kwenye simu mkaanza kumjazia mtoto. Lile linalosambazwa sana, M-CHAT-R, lina maswali 20, hujibiwa na mzazi, na limetengenezwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Wetu wana miaka mitano, sita. Tena hata dodoso la umri unaofaa huishia kuonyesha kwamba mtoto apelekwe akapimwe. Ana usonji au hana, hilo ni la daktari na wataalamu wenzake.

Kazi yetu ni kuangalia na kuandika. Mimi hutumia daftari la kawaida: tarehe, mahali, kilichotokea. Maneno kama "mkaidi" au "mzito" hayaingii humo. Naandika hivi: "Kengele ilipogongwa aliziba masikio akaingia chini ya dawati." "Nilimuuliza unaitwa nani, akajibu unaitwa nani." "Wenzake walicheza kombolela, yeye alipanga vizibo vya soda mstari mmoja. Kimoja kiliposogezwa alilia hadi mwisho wa mapumziko." Jambo likitokea mara moja, ni siku mbaya tu. Likijirudia wiki baada ya wiki, darasani na uwanjani, hilo ndilo la kufuatilia.

Kuna dalili moja ambayo vitabu huiweka mbele nami naipa uzito mdogo: kutomtazama mtu machoni. Watoto wengi wa kwetu wamelelewa kutomkazia macho mkubwa, kwa hiyo akiinamisha kichwa mbele yako huenda ni adabu tu. Mwangalie akiwa na wenzake. Je, anamwonyesha rafiki kitu kilichomfurahisha? Akiitwa jina na mtoto mwenzake, anageuka? Hapo adabu kwa wakubwa haihusiki.

Pia usikimbilie usonji kabla ya kufikiria mengine. Huenda hasikii vizuri. Masikio yanayotoa usaha ni ya kawaida sana kwa watoto wetu. Huenda nyumbani wanazungumza Kisambaa au Kisukuma, na Kiswahili amekutana nacho kwako. Anayekodoa macho na kuganda kwa sekunde kadhaa huenda ana kifafa. Na mtoto anaweza kuwa na kifafa na usonji pamoja.

Wanaosahaulika ni wale wasiosumbua. Anayepiga kelele na kutoka nje mbio ataonwa na shule nzima, ila binti aliyekaa kona ya nyuma, anayemwiga jirani yake kila kitu na hajawahi kuzungumza na mtu kwa hiari yake, tunamsifia utulivu mwaka mzima. Muandike naye. Na jamani, tuweke fimbo chini. Mtoto asiyeitika akiitwa huchapwa kwa kiburi, na kumbe hajaelewa hata kwamba anaitwa. Kinachomsaidia ni picha ukutani za ratiba ya siku na kuambiwa mapema kwamba somo linabadilika. Hayo hayahitaji kusubiri cheti cha hospitali.

Kuzungumza na mzazi ndiko kunakoamua kama mtoto atasaidiwa. Usimsimamishe getini mbele ya wengine. Ukimwita, anza na anachokiweza mwanawe, kisha uliza badala ya kutangaza. Kama aliyekuja ni bibi, mimi husema: "Shikamoo, bibi. Naomba unisaidie kumwelewa mjukuu wetu. Nyumbani akiitwa anaitika? Akitaka maji anaombaje?" Mara nyingi wanaomlea wameshaona yote na walikuwa wanaogopa kusema, kwa sababu mama ameambiwa mtoto kalogwa, au kwamba ni laana ya ukoo wake. Usibishane na dua zao wala kuwacheka. Waambie waendelee kumwombea, na hospitali waende. Mama umwambie wazi kwamba si yeye aliyesababisha.

Mshirikishe mwalimu mkuu na afisa elimu maalumu wa halmashauri, kwa kuwa afisa huyo ndiye anayejua shule zenye kitengo cha watoto wenye usonji. Dar es Salaam, kwa mfano, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto inacho. Familia itakapokwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, waambie mapema kwamba huenda wakaelekezwa kliniki ya afya ya akili. Wapo wanaokiona kibao mlangoni wakageuza, wakidhani mtoto anaitwa mwendawazimu. Wabebe kadi ya kliniki, nakala ya kurasa za daftari lako na video fupi ya mtoto akiwa nyumbani, kwa kuwa mbele ya daktari huenda akanyamaza kimya. Waombe apimwe masikio, na wasiondoke bila tarehe ya kurudi.