Oili Nusu Lita au Robo? Muulize Mashine, Usimuulize Jirani

Kijana mmoja wa Faza, huku kwetu Lamu, ameniandikia: "Salaam aleikum fundi. Nimenunua mashine ya boti ya nguvu za farasi 40, mipigo miwili, ya zamani. Jirani aniambia nitie oili nusu lita kwa dumu la petroli. Aliyeniuzia asema robo yatosha. Nimfuate nani?"

Wa aleikum salaam, mwanangu. Katika hao, aliye karibu na kweli ni jirani, lakini naona wote wawili wabahatisha. Chupa ya maji ya nusu lita ilizoeleka huku kwetu kwa sababu ya lile tangi jekundu la Yamaha la lita 24. Humo, nusu lita yakupa karibu 50:1, yaani petroli sehemu 50 kwa oili sehemu moja. Ukiitia chupa hiyo hiyo katika dumu la lita 20, umepata 40:1. Haiui mashine, ila moshi utauona na plagi utazisafisha mara kwa mara. Kwa 50:1, dumu la lita 20 lataka mililita 400. Robo lita ni 80:1, na kwa mashine kuukuu ibebayo watu na mizigo kutoka Faza hadi Mokowe, mimi siitii hata kwa kulipwa.

Nasema hivi kwa uchungu, na wanaonijua wajua uchungu huo watoka wapi.

Kuna bwana mmoja mwenye boti ya faiba, akipeleka wageni Shela na Manda. Nilimfungulia mashine yake, nikaitia pistoni na ringi mpya, nikaifunga, ikalia vizuri. Msimu wa kusi ikamkamatia Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, maji yakipwa, wageni ndani. Ikabidi boti nyingine iwavute. Kabla sijapata habari, mimi tayari nilikuwa mazungumzo ya kila baraza: "Fundi yule ajua kufungua, kufunga hajui." Neno hilo lilinifikia kupitia mtu niliyekuwa nikimdai, basi fikiria alivyolifurahia.

Sikumjibu mtu. Niliitaka mashine iletwe, nikaifungua mbele ya mwenye boti na mbele ya manahodha wengine ambao nao walikuwa wamekwisha kunihukumu. Impela, ile panga ya pampu ya maji, ilikuwa nzima, njia za maji safi, hakuna chumvi iliyoziba, kwa hiyo si joto la kukosa maji ya kupooza. Silinda zimechubuka. Beringi kubwa ya chini ya fimbo ya pistoni ilikuwa kavu, imegeuka buluu. Chuma kikigeuka buluu pale, hakuna la kubishana. Mashine ya mipigo miwili haina karta, lile bakuli la oili chini ya injini, kama gari. Oili yake ni ile tu inayokuja na petroli, ikipita kwanza kwenye kreni (shafti inayozungushwa na pistoni) na beringi ndipo iende kuungua juu. Ukiipunguza, cha kwanza kulia ni beringi.

Nikamuuliza baharia wake, kijana mnyenyekevu wa watu, nani anachanganya. Akamtazama tajiri wake kwanza. Kumbe wageni walilalamikia moshi, tajiri akaamuru oili ipunguzwe "kidogo". Kidogo gani? Kipimo cha mkono ni cha pilau, kwenye mashine hakifai. Mchelea mwana kulia hulia yeye: aliogopa moshi, akalipia kreni. Kulipa alilipa. Ila barazani hakurudi kusema fundi hakukosea, na mpaka leo tukikutana njiani huniangalia kama nimemwibia.

Basi nisikilizeni, nyinyi mnaopenda boti zenu zipite kimya bila moshi. Moshi haukwambii oili yatosha. Plagi nayo haikwambii. Plagi nyeupe yakuonya kwamba petroli ni haba kuliko hewa, nyeusi yenye mafuta yaonya kinyume chake, lakini beringi yaweza kukauka huku plagi ina rangi nzuri ya hudhurungi. Kinachokwambia ni chombo cha kupimia. Pima. Usikadirie kwa macho, pima.

Na uwiano hutokana na jinsi mashine ilivyoundwa. Zile za kale zilizo na bushi badala ya beringi za vidonge zilitaka oili nyingi mno: Seagull za zamani zilikwenda kwa 10:1, za baadaye 25:1. Johnson na Evinrude za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 nyingi zilikuwa 24:1. Yamaha Enduro zetu ni 50:1, na 25:1 saa 10 za mwanzo ikiwa mpya. Mimi hufanya vivyo hivyo nikishatia ringi mpya: mililita 800 kwa lita 20. Ukikuta kibandiko cha 100:1 kwenye mashine ya miaka ya 1980, usikishangilie. Waliotengeneza Johnson na Evinrude wenyewe waliwahi kuuza hadithi hiyo, wakarudi 50:1.

Kuzidisha nako si uchaji. Oili ikizidi hukaa mahali pa petroli, mchanganyiko ukawa mkavu, petroli haba kuliko hewa, na masizi yakaziba tundu za moshi. Watu wengi hawataki kulisikia hili, wadhani oili nyingi ni huruma kwa mashine.

Aina ya oili je? Mashine ya majini yataka iliyoandikwa TC-W3. Oili ya 2T ya pikipiki imetengenezewa injini ya kupozwa na hewa, huacha jivu, na ringi hunata. Oili ya gari isahau kabisa, haichanganyiki na petroli inavyotakikana. Naijua bei ya TC-W3, najua dukani chupa ya pikipiki iko karibu na ni nafuu. Naijua pia bei ya kreni.

Tia petroli kiasi, mimina oili uliyoipima, tikisa dumu, kisha jaza. Andika juu ya dumu kwa wino usiofutika: 50:1, na tarehe. Kusi ikikuzuia kutoka wiki nyingi, mchanganyiko uliobaki usiutegemee kwa safari ya Kiunga, na usiuongezee oili "kwa usalama", kwa kuwa iliyomo haijaenda popote.