Aironi Zinazositiri Makosa: Anza na Alama Zako, Si na Duka

Kabla hujamuuliza mtu ununue aironi gani, yaani fimbo za gofu zenye kichwa cha chuma, tafuta kopo la dawa ya miguu ya unga, ile ya kupuliza. Pulizia uso (upande unaogonga mpira) wa aironi namba 7 mpaka uwe mweupe, kisha piga mipira kumi bila kuufuta. Kila mpira utaacha doa lake pale ulipogongwa.

Siku nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilikuwa na handikapu ya 22 (kipimo cha uwezo wa mchezaji, kikiwa kikubwa ujue bado anajifunza) na seti ya aironi nyembamba za kufuliwa, yaani za chuma kilichogongwa mpaka kikapata umbo. Nilizinunua kwa sababu zilikuwa nzuri mno kutazama. Kati ya madoa kumi, mawili tu yalikaa katikati. Sita yalisogea kwenye ncha, mwisho wa kichwa ulio mbali na mpini; mawili yalikuwa karibu na shingo, pale mpini unapoingia kichwani. Niliyatazama kwa muda mrefu. Viganja vilikuwa vimeniuma kwa miezi, nami nilidhani tatizo ni mazoezi machache. Kumbe fimbo zile zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayegonga katikati karibu kila mara.

Mpira ukigongwa kwenye ncha, kichwa cha fimbo hujizungusha mkononi mwako. Uso hufunguka, kasi hupungua, na mpira uliotakiwa kufika kwenye grini, uwanja laini wenye shimo, unaangukia bankani, shimo la mchanga lililo mbele yake. Dawa yake imejulikana zamani: chuma kinaondolewa katikati ya mgongo wa fimbo na uzito wake unapelekwa pembezoni, mgongo unabaki na bonde. Kichwa cha namna hiyo ni kizito kuzungusha, hivyo hata ukikosea kidogo mpira bado unaenda karibu na ulikokusudia. Karsten Solheim, mhandisi wa General Electric aliyeanza kutengeneza fimbo za Ping mwaka 1959, aliisukuma fikra hii kuliko mtu mwingine yeyote, na aironi zake za Ping Eye 2 za mwaka 1982 ziliuzwa kwa wingi sana.

Naitaja historia hiyo kwa sababu inagusa mfuko wako. Kama bonde la mgongoni lilikuwa linasitiri makosa zaidi ya miaka 40 iliyopita, huna sababu ya kuamini kwamba toleo la mwaka huu linasamehe na la miaka sita iliyopita haliwezi. Maboresho yapo, ila ni ya hatua ndogondogo. Mchezaji wa handikapu ya 15 mpaka 30 akipata Ping G410 za mwaka 2019 au Callaway Rogue za mwaka 2018 zilizotunzwa vizuri, kwa bei ya chini sana kuliko seti mpya, mimi ningemwambia achukue bila kusita.

Mgongo si kila kitu. Geuza fimbo uitazame soli, yaani sehemu ya chini ya kichwa. Soli pana huteleza juu ya nyasi unapogonga ardhi kabla ya mpira, lakini nyembamba huchimba na kukwama. Kwangu hili lilikuwa na faida kubwa kuliko yote, kwa sababu wengi wetu makosa yetu mabaya zaidi ni ya kugonga udongo kwanza. Angalia pia kama uso umerudishwa nyuma kidogo ya mpini. Umbo hilo linakupa nafasi ya kuufunga uso kabla ya kugonga, na linamsaidia mtu anayetumia mkono wa kulia ambaye mipira yake hukimbilia kulia. Kama yako tayari inakimbilia kushoto, tafuta zenye umbo hilo kidogo tu.

Sasa kuna mtego ambao wauzaji hawapendi kuuzungumzia. Utajaribu namba 7 mpya na mpira utaenda mbali kuliko ulivyozoea, nawe utafurahi. Kabla ya kulipa, uliza digrii za mlalo wa uso, yaani uso umelala nyuma kiasi gani: zikipungua, mpira huenda mbali zaidi na chini zaidi, na namba ya fimbo nayo huwa ndogo. Namba 7 ya kizamani ilikuwa na digrii kama 34 au zaidi. Nyingi za sasa za kundi hili zina 28 mpaka 30. Kwa maneno mengine, umepiga namba 6 au 5 iliyoandikwa 7. Hilo si wizi, maana uzito uliowekwa chini huusaidia mpira kupaa hata kwa mlalo mdogo. Tatizo linakuja upande wa pili wa mkoba. Weji ya seti, fimbo ya mapigo mafupi, inaweza kuwa na digrii 43, na weji yako ya bankani ina 56. Kati yake kuna pengo la digrii 13, na humo ndimo yalimo yale mapigo ya karibu yanayoamua alama zako. Hesabu bei ya weji moja ya kujaza pengo kama sehemu ya bei ya seti.

Pesa hiyo utaipata kwa kuacha namba 4, na pengine namba 5. Kanuni zinakuruhusu fimbo 14, hazikulazimishi kuzijaza. Haibridi (fimbo zenye kichwa kinene, mchanganyiko wa aironi na fimbo za mbali) moja au mbili zitakuinulia mpira kirahisi kuliko aironi ndefu. Mimi seti yangu inaanzia namba 6 na sijawahi kuitamani ya 5.

Ukinunua zilizotumika, usiangalie mng'ao. Pitisha ukucha kwenye mifereji ya uso. Kingo zikiwa zimelainika, hasa kwenye weji, punguza bei unayotoa. Funga jicho moja uchungulie kila mpini kutoka mshikoni mpaka shingoni, kisha uzungushe taratibu: mpini uliopinda utauona. Zisimamishe zote ukutani zikiwa zimepangwa kwa namba. Zinapaswa kupungua kwa hatua inayolingana, kawaida nusu inchi. Ikiwa moja inaruka mpangilio, mtu aliikata. Mishiko iliyochakaa isikutishe, kubadilisha ni kazi ndogo. Kubadilisha mipini ya seti nzima ndiko kunakoweza kumeza akiba yako yote, kwa hiyo mpini usiokufaa ni sababu ya kuiacha seti hata kama vichwa vinakupendeza. Kama kasi yako ya kupiga si kubwa, herufi S (mpini mgumu) kwenye mpini si sifa. Chukua R (wa kawaida, unaopinda zaidi), au grafaiti kama viwiko vinauma.

Mwisho, chora mstari mnene wa kalamu ya wino kwenye mpira, uuweke wima ukielekea uso wa fimbo, kisha piga. Mstari utajichapa kwenye uso. Mstari ukisimama wima, fimbo inakukaa sawa. Sehemu yake ya juu ikiinamia kwenye ncha, fimbo imesimama mno kwako na mipira itavutwa kushoto. Ikiinamia kisigino, upande wa shingo, imelala mno. Fundi mwenye mashine yake anaweza kuipinda digrii moja au mbili, lakini muulize kwanza, kwa sababu vichwa vya kusubu, vya chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa, ni vigumu kupinda kuliko vya kufuliwa. Seti yangu ya sasa ilirekebishwa digrii moja na nusu, na nilipopuliza tena ile dawa nyeupe, madoa matano yalikuwa katikati.