Ushuhuda wa Wazee Usingoje Mazishi

Katika familia nyingi za Kikristo hapa Uganda, wajukuu husikia ushuhuda wa babu yao kwa mara ya kwanza siku anapozikwa. Mtu wa kamati anashika kipaza sauti, anasoma kwamba marehemu aliokoka mwaka fulani, aliacha pombe, alijenga kanisa la kijiji. Vijana wanashangaa, na wa kumuuliza hayupo tena. Haya tunayoandika ni kwa familia zinazotaka kuwahi.

Tafuteni jioni moja kwa juma, baada ya chakula, redio na televisheni zikiwa zimezimwa. Mzee mmoja tu ndiye asimulie, kwa dakika kumi, kisha dakika kumi nyingine ziwe za maswali ya watoto. Msimwambie tu, "Babu, tupe ushuhuda." Mzee aliyezoea kusimama kanisani akisikia hivyo atahubiri, na watoto watasinzia. Mpeni swali lenye mahali na wakati. Kwa mfano: Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin tarehe 16 Februari 1977, ulikuwa wapi, na mlithubutu kwenda kanisani Jumapili iliyofuata? Ulipoacha pombe, jioni za kwanza ulizipitishaje, na wenzako wa kilabuni walikuambia nini? Ni ombi gani umeliomba miaka mingi na hujaona jibu? Hilo la mwisho msiliruke kamwe. Kijana aliyelelewa kwa shuhuda za maombi yaliyojibiwa tu, siku ombi lake likikaa kimya hudhani kwamba imani yake ni ya bandia, au kwamba wazee walimdanganya. Na msikawie: aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1977 sasa anaelekea 70.

Wazee wa uamsho wa Kikristo ulioenea kutoka Gahini (Rwanda) na Namirembe (Kampala) hadi Kabale miaka ya 1930 walituachia desturi ambayo inatufaa hata leo. Katika vikundi vya ushirika hawakurudia tu siku waliyookoka. Walisema Bwana amewaonyesha nini juma hilo, wamerudisha mali ya nani, wamemwomba nani msamaha. Baba akisema mezani, "Jana nilimjibu mama yenu kwa ukali, nimetubu na nimemwomba msamaha," watoto wanaamini, kwa sababu ukali wenyewe waliusikia. Ushuhuda wa aina hiyo una nguvu kuliko ule wa miaka arobaini iliyopita, ingawa watoto wanahitaji shuhuda zote mbili.

Yako mambo yanayoharibu. Kuna msimulizi anayetumia dakika nane kueleza uhuni wake na mbili kueleza neema; watoto huondoka na uhuni. Kuna anayetaja dhambi au ugonjwa wa jirani ili hadithi inoge, na kesho kijiji kizima kinajua. Siri ya mtu mwingine haisemwi bila ruhusa yake, hata akiwa ndugu. Habari za vita na utekaji, ambazo familia za kaskazini na wakimbizi kutoka Kongo wanazo nyingi, ziwafikie watoto wadogo kwa kipimo: Mungu alitutunzaje njiani, nani alitupokea. Mengine yangoje wakue, na mzee anayetetemeka au kunyamaza asisukumwe aendelee. Muujiza nao usemwe kama ulivyokuwa. Kama mgonjwa aliombewa na pia alimeza dawa za zahanati, yatajwe yote mawili, maana mtoto akigundua baadaye kwamba nusu ilifichwa, atatilia shaka hata ile nusu ya kweli.

Lugha ni kikwazo kikubwa mijini. Bibi anasema Lukonzo au Acholi, mjukuu amezoea Kiswahili na Kiingereza. Msimlazimishe bibi abadili lugha, kwani maneno yake ya sala yako katika ile ya kwanza. Mpeni mjukuu mkubwa kazi ya kuwatafsiria wadogo, sentensi baada ya sentensi. Lazima asikilize kweli, aulize asipoelewa, na mwishowe anaweza kuusimulia ushuhuda huo mwenyewe.

Mkitaka kurekodi, ombeni ruhusa kwanza. Simu iwekwe juu ya kitambaa karibu na msemaji, ikiwa katika hali ya ndege (flight mode) ili isipigwe katikati. Msirekodi mvua ikinyesha juu ya mabati, hamtasikia kitu. Faili liandikwe jina la mzee, mahali na tarehe, kisha nakala ziwekwe sehemu mbili. Sauti iliyobaki WhatsApp peke yake inaweza kupotea simu inapoibwa.

Kila jioni ya nne iwe zamu ya vijana. Ushuhuda wao utakuwa mfupi: amekataa kuiba mtihani, ameshindwa kusali mwezi mzima, anaogopa kukosa kazi baada ya chuo. Wazee wasikilize bila kukatiza na bila "sisi zamani hatukuwa hivyo". Mzee mmoja amwombee kijana huyo kwa jina, na juma linalofuata amuulize faraghani anaendeleaje.