Usijiuzulu kwanza

Pole sana dada. Umeuliza kama ujiuzulu kwa sababu mzee unayemhudumia kazini kaanguka kwenye zamu yako na sasa unachunguzwa. Hapana, usifanye haraka. Hapa Uingereza kuacha kazi hakufuti tuhuma: mwajiri akiona ulimdhuru mzee, sheria inamtaka apeleke jina lako DBS (idara ya serikali inayoweza kumzuia mtu kufanya kazi na wazee au watoto) hata kama umeshaondoka. Na kama viza yako inamtegemea mwajiri huyo, kwa kawaida utapewa siku 60 tu kutafuta mdhamini mwingine.

Leo hii kaa uandike kila kitu: saa ngapi, mlikuwa wangapi zamu, mpango wa huduma ulisema mzee anyanyuliwe na watu wangapi. Hilo la mwisho lina uzito sana, maana kama mpango ulisema wawili na wewe ulipangwa peke yako, uchunguzi haupaswi kuishia kwako. Omba tuhuma kwa maandishi. Familia ya mzee usiipigie.

Kwenye kikao cha nidhamu una haki ya kwenda na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Acas, shirika la umma la masuala ya kazi, wanashauri bure kwa simu, wapigie kabla hujasaini chochote.